Kila fikra na saa yake: kuendesha timu ya mradi yenye watu wanaofikiri tofauti

Timu inapogombana kila kikao, ni rahisi kusema watu hao hawapatani. Ukikaa pembeni ukasikiliza, mara nyingi utakuta jambo jingine. Mmoja anapanua, anaongeza wazo juu ya wazo. Mwenzake anapima, anatafuta wazo litavunjikia wapi. Na wote wawili wanafanya hivyo dakika ileile. Mpanuzi anamwona mpimaji kama mtu wa kuvunja moyo. Mpimaji anamwona mpanuzi kama mtu anayechezea muda na bajeti. Kila mmoja anafanya kazi ambayo mradi unaihitaji, ila wamekutana saa isiyo yao.

Kwa hiyo usihangaike kutafuta idadi sawa ya watu wa kila aina. Timu yenye wapimaji wanne na mpanuzi mmoja inaweza kwenda vizuri kabisa, na timu iliyochanganywa kwa ustadi kwenye karatasi ikasambaratika. Kinachosawazishwa ni muda: lini tunapanua, lini tunapima, lini tunakata shauri, na je, kila mtu amejua kwamba sasa tumehama kutoka moja kwenda jingine? Hatua zifuatazo zinafaa timu ya watu 5 hadi 9 yenye mradi wa miezi mitatu au zaidi.

Hatua ya 1: Sikiliza maswali kwa wiki mbili

Chukua daftari, na kila jambo jipya linapoletwa mezani andika swali la kwanza analouliza kila mtu. Swali la kwanza huwa halijapambwa. Linaonyesha akili ya mtu inakimbilia wapi yenyewe, kabla hajafikiria aonekaneje.

"Kwani lazima tufanye hivi?" ni swali la mpanuzi. "Hilo tumelithibitisha wapi?" ni la mpimaji. "Nani anaanza, na lini?" ni la mpangaji. "Watakaolitumia watalipokeaje?" huulizwa na mtu anayeanza na watu. "Si tujaribu kidogo tuone?" ni la mjaribu. Na yuko anayeuliza, "Hili linagusana vipi na lile tuliloamua mwezi uliopita?" Huyo anaangalia picha nzima, na kwa bahati mbaya ndiye anayeambiwa mara nyingi kwamba anatoka nje ya mada.

Kando ya swali andika mada. Mtu huyohuyo anaweza kuwa mpanuzi kwenye kazi yake na mpimaji mkali kwenye kazi ya mwenzake, na hilo ni jambo la kawaida. Baada ya vikao vinne hadi sita utakuwa na picha inayotosha.

Dodoso za kugawa watu katika aina hatuzipendekezi. Zile maarufu zinazompa mtu herufi nne zina kasoro inayojulikana: wengi wakizijaza tena baada ya wiki chache hupata aina tofauti na ile ya kwanza. Michael Kirton, mwanasaikolojia wa Uingereza, alieleza jambo hili vizuri zaidi mwaka 1976. Alionyesha kwamba watu wametandazwa kwenye mstari mmoja mrefu, upande mmoja wanaoboresha kilichopo, upande mwingine wanaotaka kubadilisha utaratibu wenyewe, na wengi wako katikati. Kwenye mstari huo, kinacholeta msuguano ni umbali kati ya watu wawili. Mtu aliye katikati anaweza kuonekana mzembe kwa mmoja na mgumu kwa mwingine siku hiyohiyo.

Daftari lako usilibandike ukutani wala usilitangaze. Mtu akishaitwa "mpimaji wetu" mbele ya wenzake, huanza kulitumikia jina hilo: wazo lake jipya analimeza, na wenzake wanaacha kupima kwa kuwa wanadhani hiyo ni kazi yake peke yake. Faida ya daftari ni kukuonyesha swali gani haliulizwi na mtu yeyote. Kama wiki mbili zimepita bila mtu kuuliza watumiaji watalipokeaje, liandike swali hilo kwenye ajenda na mpe mtu kazi ya kuja na jibu. Hakuna haja ya kuajiri mtu mwingine kwa sababu ya swali moja.

Hatua ya 2: Kila jambo kwenye ajenda lipewe hali yake

Tofauti ya fikra zinazopanua na fikra zinazokusanya kuelekea jibu moja ilichambuliwa na mwanasaikolojia wa Marekani J. P. Guilford katika miaka ya 1950. Kwa kazi za mradi ongeza ya tatu, kukata shauri, kwa sababu watu wanaweza kupima hadi jioni bila kuamua chochote.

Mbele ya kila jambo kwenye ajenda andika neno moja: KUPANUA, KUPIMA au KUAMUA. Jambo moja lisibebe maneno mawili. Mfano:

1. Njia za kupunguza muda wa majaribio: KUPANUA, dakika 30
2. Rasimu ya mkataba wa mzabuni: KUPIMA, dakika 25
3. Tarehe ya kuzindua: KUAMUA, dakika 10, mwamuzi ni kiongozi wa mradi

Neno hilo moja linazuia ugomvi mwingi. Mpimaji akiona KUPANUA anajua zamu yake inakuja, hivyo hana sababu ya kulipuka. Mpanuzi akiona KUAMUA anajua dirisha limefungwa.

Kwenye mpango kazi mzima fanya vivyo hivyo. Katika mradi wa wiki 12, wiki ya kwanza iwe ya kupanua, ya pili na ya tatu za kupima, na mwisho wa wiki ya tatu shauri likatwe. Kila hatua kubwa inayofuata ipate duru yake ndogo ya siku mbili au tatu. Usigawe muda sawa kwa sawa. Kupanua huchoka haraka, kupima hula muda mrefu, na timu nyingi hufanya kinyume: zinapanua wiki nzima kwa sababu ni raha, kisha zinapima kwa nusu saa kwa sababu tarehe imefika.

Hapa tatizo ni wazo linalokuja limechelewa. Wiki ya tisa mpanuzi anakuja na jambo zuri kweli, na timu imeshajenga nusu ya nyumba. Ukilikataa papo hapo, atanyamaza miradi mitatu ijayo. Ukilikubali, mpangaji atakata tamaa. Weka daftari la baadaye, ukurasa mmoja ambao kila mtu anaweza kuuandikia, lenye wazo, jina la mwenye wazo, na tarehe ya kulifungua. Tarehe hiyo ikifika, lifungueni hata kama mna haraka. Daftari lisilofunguliwa ni jalala, na watu hugundua upesi.

Hatua ya 3: Kikao cha dakika 90

Hiki ndicho kikao kinachobeba aina zote za fikra bila kukanyagana. Kinahitaji vikaratasi vya kunata 10 kwa kila mtu, kalamu nene za rangi moja kwa wote ili rangi isitaje mwenye wazo, vikaratasi vichache vyekundu, mabango kitita mawili, na saa inayoonekana na kila mtu.

Saa 24 kabla, tuma ukurasa mmoja wenye swali moja na takwimu zinazohitajika. Wanaofikiri polepole wanalihitaji hilo kuliko kitu kingine chochote. Mtu anayechelewa kusema huwa anapanga. Akiletewa swali mezani, atapata jibu lake zuri njiani akirudi nyumbani, nanyi mmeshamaliza. Swali lenyewe liwe na umbo. "Tuboresheje mradi?" ni swali la kulala. "Tufanyeje wagonjwa wasisahau siku ya miadi?" linampa kila mtu mahali pa kushika.

Dakika 0 hadi 5: soma swali kwa sauti, uliza kama kuna neno lisiloeleweka.

Dakika 5 hadi 15: kila mtu anaandika kimya, wazo moja kwa kikaratasi. Kimya maana yake kimya, simu pembeni. Kubungua bongo kwa sauti kulienezwa na Alex Osborn wa Marekani katika miaka ya 1940 na 1950, na watu wengi bado wanadhani kelele ndiyo inayoleta mawazo. Utafiti uliofanywa Chuo Kikuu cha Yale, Marekani, na kuchapishwa mwaka 1958 ulionyesha kwamba watu wakiandika kila mmoja peke yake kisha mawazo yao yakajumlishwa, hupata mawazo mengi zaidi kuliko idadi hiyohiyo ya watu wakikaa pamoja. Mwaka 1987 wanasaikolojia Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kubwa: mtu anayesubiri zamu ya kusema hushindwa kuendelea kufikiri, na wazo alilolishika linampotea akiwa anamsikiliza mwenzake.

Dakika 15 hadi 35: mzunguko. Kila mtu anasoma kikaratasi kimoja, anakibandika, anampisha jirani, mpaka viishe. Swali la kufafanua linaruhusiwa, maoni hayaruhusiwi. Kiongozi wa mradi anasoma mwisho katika kila mzunguko. Akianza yeye, vikaratasi vya wengine vitaanza kufanana na cha kwake, na hutajua kamwe vilikuwa vimeandikwa nini. Utaratibu huu wa kuandika kimya, kuzunguka na kupiga kura ulibuniwa na watafiti André Delbecq na Andrew Van de Ven, nao waliuchapisha mwaka 1971. Umedumu kwa sababu haumtegemei mwongozaji hodari.

Sehemu ngumu iko hapa. Chukua timu ya watu saba inayotengeneza programu ya miadi ya kliniki, iliyoanza kikao saa nne kamili. Vikaratasi vinasomwa: ujumbe wa simu siku moja kabla, kupigiwa simu na muuguzi, kisha kimoja kinasema, "Tuondoe miadi kabisa, watu washike foleni kwa simu." Anayesimamia ubora anashusha kalamu.

"Hiyo haiwezekani, daktari hatajua leo ana wagonjwa wangapi..."

"Ngoja, dada, hilo lina uzito," anasema mwongozaji, akimsogezea karatasi nyekundu. "Liandike hapa lisitupotee. Saa nne na dakika hamsini na tano tunaanza nalo."

Angalia mambo matatu aliyofanya. Hakumwambia aache ukosoaji. Amempa mahali pa kuuweka. Na ametaja saa kamili. Ukisema tu "tutalijadili baadaye", mpimaji ataendelea kulishikilia kichwani na hatasikia wazo lingine hata moja. Karatasi nyekundu inautoa mzigo kichwani mwake.

Dakika 35 hadi 45: pangeni vikaratasi vinavyofanana, makundi matano au sita. Dakika 45 hadi 55 ni mapumziko, na tafadhali usiyakate. Watu wakisimama, wakitoka nje, wakirudi, ni rahisi kwao kubadilisha hali. Mkiunganisha kupanua na kupima bila pengo, nusu ya timu itakuwa bado inapanua.

Dakika 55 hadi 80: kupima. Anza na karatasi nyekundu, kama ulivyoahidi. Kwa kila kundi uliza kwanza, "Ni nini ndani ya hili ambacho hatutaki kukipoteza?" kisha, "Litavunjikia wapi?" Utaratibu huu haupo kwa ajili ya adabu tu. Ukianza na udhaifu, kilicho kizuri hutupwa pamoja na kibovu. Katika mfano wetu, foleni ya simu inamfaa mgonjwa anayekuja kuchukua dawa tu, na pingamizi la idadi ya wagonjwa linamhusu anayekuja kwa uchunguzi. Hapo zinazaliwa njia mbili kwa makundi mawili, jambo ambalo mpanuzi peke yake asingeliona wala mpimaji peke yake asingelipata.

Dakika 80 hadi 90: kila mtu anapata alama tatu za kuweka kwenye makundi. Wote waandike chaguo lao kwanza kwenye karatasi, ndipo waende ubaoni pamoja. Wakienda mmojammoja, wa mwisho watafuata penye alama nyingi. Alama ni kipimo cha mwelekeo, si uamuzi. Jambo likiwa zito, acheni usiku mmoja upite.

Hatua ya 4: Pingamizi lipewe njia rasmi

Jioni ya tarehe 27 Januari 1986, wahandisi wa Morton Thiokol, kampuni iliyotengeneza roketi za kusukumia chombo cha anga cha Challenger, walishauri kwa simu kwamba chombo kisirushwe kwenye baridi iliyotabiriwa, kwa sababu mipira ya kuzibia maungio ya roketi hupoteza mnyumbuko. Kampuni iliomba mapumziko ya faragha. Katika mapumziko hayo bosi mmoja alimwambia mkuu wa uhandisi avue kofia ya uhandisi avae ya uongozi. Ushauri ukageuzwa. Kesho yake Challenger kilisambaratika sekunde 73 baada ya kuruka, na watu wote saba waliokuwamo walikufa.

Kwa timu yoyote ya mradi, kubwa au ndogo, kosa la kulikwepa hapa ni kubadilisha hali kimyakimya. Kikao kilikuwa cha kupima, kikageuzwa cha kuamua ndani ya mapumziko, na waliopima hawakuulizwa tena. Mzigo wa ushahidi nao uligeuzwa: badala ya kuthibitisha kwamba ni salama, wahandisi walijikuta wakidaiwa kuthibitisha kwamba si salama. Kwa hiyo weka kanuni mbili. Aliyepima kihatarishi, yaani jambo linaloweza kuuharibu mradi, ndiye anayeandika, kwa mkono wake, kwamba kimepungua. Na hali ya ajenda ikibadilika, mwongozaji anatamka kwa sauti mbele ya wote.

Wengi huteua mtu wa kupinga kwa zamu, kama mchezo. Inasaidia kidogo tu. Mwanasaikolojia Charlan Nemeth na wenzake, mwaka 2001, walionyesha kwamba pingamizi la kweli huchochea fikra kuliko la kuigiza, maana kila mtu anajua mwigizaji haamini anachosema. Mtafute anayepinga kweli, na usimwache peke yake. Majaribio ya mwanasaikolojia Solomon Asch katika miaka ya 1950 yalionyesha kwamba mtu mmoja wa kukuunga mkono anatosha kupunguza sana shinikizo la kufuata kundi. Kwa hiyo kazi ya kuandaa vihatarishi wape watu wawili.

Njia ya haraka ambayo hata wapanuzi huipenda: wiki moja kabla ya kuanza utekelezaji, iambie timu, "Ni mwaka mmoja kutoka leo, mradi umekufa. Andika kilichouua." Dakika tano za kimya, kisha mzunguko kama kwenye hatua ya 3. Mwanasaikolojia wa Marekani Gary Klein ndiye aliyeieneza. Kinachobadilika ni kwamba kusema tatizo hakuonekani tena kuwa ni kukosa imani na mradi. Anayeona mbali ndiye anayeonekana hodari. Chagueni vihatarishi vitatu, kila kimoja kipate mwenyewe na tarehe, viingie kwenye rejesta ya vihatarishi. Visipoingia, zoezi limekuwa maongezi.

Hatua ya 5: Nani anakata shauri

Hapa ni fupi. Kabla ya kupima, andika jina la mwamuzi na vigezo, visivyozidi vinne. Vigezo vikiandikwa baada ya kuona chaguzi, kila mtu ataleta kigezo kinachobeba chaguo lake.

Kisha jiulize kama uamuzi unaweza kurudishwa. Rangi ya skrini inarudishwa. Mkataba wa miaka mitatu haurudishwi. Kinachorudishwa mpe mjaribu aongoze: wiki moja, kikomo cha fedha, kipimo kimoja cha kuangalia. Kisichorudishwa, mpimaji aandike neno lake la mwisho nusu ukurasa, na mwamuzi ajibu kwa maandishi hata kama halikubali. Timu nyingi hupima vitu vidogo kwa wiki mbili na kusaini vikubwa kwa dakika tano.

Hatua ya 6: Kazi ya kila siku kati ya vikao

Misuguano mingi hutokea kwenye rasimu. Mpanuzi anatuma wazo bichi, anarudishiwa makosa ya tahajia 14. Mpangaji anatuma kazi iliyokamilika, anaulizwa kama hatuwezi kuanza upya. Dawa ni kuandika kiwango juu ya kila rasimu. "Asilimia 30" maana yake: nataka maoni ya mwelekeo, usiguse nukta wala mkato. "Asilimia 90" maana yake: mwelekeo umefungwa, tafuta makosa. Anayevunja kiwango, maoni yake yanawekwa kando kwa heshima hadi rasimu ifike huko.

Panga jozi pia, hasa mpanuzi na mpangaji, kwa kazi za siku tano au zaidi. Mmoja aandike rasimu ya kwanza, mwingine ya pili, kisha kazi inayofuata wabadilishane. Bila kubadilishana, mpangaji anageuka karani wa mwenzake, na hapo chuki huanza hata kama hakuna anayeitamka. Hali kadhalika kuandika muhtasari wa kikao: liwe zamu ya wote, akiwemo kiongozi.

Usiamue mambo kwenye kundi la ujumbe wa simu. Hapo hushinda anayechapa haraka. Tumia kundi kwa taarifa tu.

Hatua ya 7: Angalia mizani imelalia wapi

Kila wiki nne, chukua ajenda zenu za nyuma na ujumlishe dakika za KUPANUA, KUPIMA na KUAMUA. Dakika kumi zinatosha kwa kazi hii.

Kupanua kukizidi, utaona mambo yaleyale yanarudi kikao baada ya kikao na mpangaji anaanza kukosa kuhudhuria. Punguza mada za wazi hadi moja kwa wiki. Kupima kukizidi, utaona rasimu zinakaa muda mrefu kabla ya kutumwa, kwa sababu watu wanaogopa. Toa kazi tatu ndogo za majaribio zisizohitaji kibali. Kuamua kukizidi, kila kitu kinaonekana kwenda vizuri, na hiyo ndiyo hali ya kuogopa kuliko zote. Hesabu karatasi nyekundu za mwezi huo. Kama hazifiki mbili, ongea na kila mtu faragha, dakika 15, kwa swali moja: "Kuna nini ambacho hukukisema mwezi huu?" Anza na mgeni wa timu, maana bado anaona yale ambayo wenyeji wameshayazoea, na macho hayo hayadumu zaidi ya wiki sita hivi.